Usinijibu Salama

Mwanangu Saumu,

Barua za kwetu huanza kwa mwenye kuandika kusema yeye ni mzima, hofu yake ni kwa anayeandikiwa. Mimi leo si mzima. Goti limefura, chai ya alasiri sikuimaliza, na tangu asubuhi nimemfokea kila aliyepita uani kwangu, hata kuku. Hofu juu yako ninayo pia, lakini nimeona nianze na kweli ya kwangu, maana barua hii yote ni ya hilo.

Umekwenda Mtongwe kuwaaga shangazi zako, nami nimepata nafasi. Utanisamehe mwandiko. Shule sikuiona, wajua. Baba yangu alisema mtoto wa kike akijua kupika na kusali yatosha, na hata huko kupika hakuna aliyenifunza, nilijifunza kwa kuunguza. Herufi hizi ulinipa wewe, jikoni, kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu, ili niweze kutuma ujumbe wa simu nikimaliza zamu yangu ya kuwalinda kozi, wale ndege wetu. Sasa nazitumia kukusumbua. Nakuita mwanangu ingawa nilimzaa mama yako. Yeye alikuzaa, mimi nilikuosha.

Sikuandikii habari za sanduku wala za kuficha nakala ya pasipoti. Hayo umeambiwa na kila mwenye mdomo hapa Likoni. Wala sikwambii utarudi kutoka huko Uarabuni ujenge nyumba ya mawe na bati jipya. Wallahi nimejaribu kuiona nyumba hiyo machoni nikashindwa, na sitaki uondoke na uongo wangu mkobani. Ninaogopa jambo moja, nalo nalisema mapema usije ukalitafuta: naogopa utakufa kwa adabu. Watakutesa kwenye nyumba za watu, nitakupigia simu nikuulize hujambo, nawe utanijibu salama, bibi. Na adabu hiyo nilikufunza mimi, kwa kukufinya.

Wakumbuka siku tuliyofiwa na babu yako? Maiti bado iko chumbani, mgeni akapiga hodi, akakukuta wewe mlangoni na meno yako ya mbele yameng'oka, mapya hayajaota. Akakuuliza, hamjambo? Ukamwambia, hapana, babu amekufa. Nikakuvutia pembeni nikakufinya mkono. Nikakwambia mtu wa pwani hujibu njema kwanza, hata kama nyumba yaungua. Habari mbaya hufuata baadaye, kwa utaratibu wake. Ulilia kidogo, kisha ukalishika. Umelishika kuliko Juzuu Amma.

Sasa nikueleze kozi. Ulikuwepo, lakini ulikuwepo kwa macho yako, hukuwepo kwa yangu.

Babu yako aliniachia njiwa, na banda lao juu ya paa la jikoni. Sikuwapenda. Walichafua bati na kula mchele wangu. Lakini walikuwa wake, na jioni wakirudi bandani nilikuwa nikihisi kana kwamba kuna mtu amerudi nyumbani. Miaka ikapita, ndipo akaja yule ndege. Mimi nikamwita mwewe, ukanisahihisha. Mwewe huzungukazunguka akitafuta kifaranga cha kuiba, tena hadharani, kama mtu asiye na haya. Kozi humwoni. Amebana mabawa, ameshuka kama jiwe, na wewe unachokiona ni manyoya yakielea na njiwa mmoja hayupo. Wahenga walisema mwana wa kozi kulala na njaa kupenda. Huyu wa kwangu hakupenda hata mara moja.

Nikaambiwa wanakaa kwenye lile gofu la hoteli upande wa Shelly, lile jengo refu la zege lililoachwa bila madirisha kabla hujazaliwa. Nilikuwa nimeshamuuliza jirani yetu Mzee Athumani, mwenye njiwa wengi kuliko wajukuu, ni dawa gani huua ndege mkubwa. Akanitajia. Sikununua, lakini si kwa huruma. Niliona nijaribu kwanza kwa mkono wangu. Nikavaa buibui, nikabeba mchi wa kinu, nikaenda.

Na nani nilimkuta pale chini? Wewe, uliyeniaga asubuhi kwamba unatafuta kazi. Umekaa juu ya kreti la soda, darubini machoni. Kulia kwako Wekesa, askari wa gofu, mtu wa bara mwenye koti la kijeshi lisilo lake. Kushoto kwako Kadzo, yule binti wa Kigiriama aliyesomea ndege. Nikakuita kwa sauti ya kukuvunja miguu.

"Abee, bibi," ukajibu, na darubini hukuitoa.

Wekesa akautazama mchi. "Mama, huo ni wa kumpiga nani?"

"Kozi."

"Basi panda. Ngazi haina pa kushika, na wako juu kabisa. Ukifika mpige na kwa niaba yangu. Jana ameniangushia kichwa cha njiwa kwa ugali."

Hamkucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Kadzo alinivisha darubini shingoni kama anayemvisha bibi harusi mkufu, akanielekeza ukingo wa orofa ya juu. Mwanzo niliona weupe mtupu. Kisha nikamwona mama mtu, amesimama juu ya njiwa wa marehemu mume wangu, namjua kwa lile bawa jeupe. Anamnyofoa. Lakini hakuwa akila. Alikuwa akikata vipande vidogo kama ukucha, akigeuza kichwa upande, polepole, ili ule mdomo wake wa ndoana usimchome mtoto. Makinda walikuwa weupe, wanatetemeka shingo kama wazee. Saumu, nimelea watoto wangu na wa wenzangu, nimewatolea miba ya samaki kwa vidole hivi, na wallahi sijawahi kuwa mpole kiasi kile.

Nikaketi. Sikusema nimegeuza nia. Nilisema goti laniuma.

Kazi ile ukimweleza mtu ni ya kipumbavu. Unakaa chini, unatazama juu. Watoto wenye manati unawafukuza, na hapo mliniona nafaa, maana nina sauti na najua majina ya mama zao. Kinda akianza kuruka akaanguka barabarani, unamfunika kanga, Wekesa anampandisha juu tena. Asubuhi unazunguka kwa wenye njiwa kuwaomba wachelewe kufungua mabanda. Hakuna mshahara, hakuna sifa. Sifa yangu ilikuwa jina. Nikipita sokoni wanawake huniita Bi Kozi, huniuliza, "Mumeo hajambo huko juu?" Nikawajibu wangu hurudi na nyama kila siku, sijui wenu. Wakanyamaza juma zima.

Mwaka jana wakaruka wawili. Wa pili alipojitupa ukingoni akashuka, akashuka, mpaka nikafumba macho, kisha nikasikia mnapiga kelele. Ulinikumbatia ukilia mbele za watu, nami nikakusukuma, nikasema acha utoto. Nimekusukuma mara nyingi hivyo. Najutia hilo zaidi kuliko makofi niliyokupiga. Mtu akileta furaha yake kwangu humpokea kama mwenye kupokea mzigo wa jirani, nikatafuta pa kuuweka haraka. Usilichukue hilo kwangu. Mengine chukua, hilo liache hapa.

Basi mwaka huu. Kinda mmoja tu.

Siku ile ulikuwa Changamwe, wakala wenu wa kazi za Uarabuni amewapeleka kupimwa. Zamu ilikuwa yangu. Tangu nimefika nilimwona mama kozi amekaa ukingoni, mabawa ameyalegeza kama shati lililotundikwa. Kichwa kinashuka, kinapanda. Mbele yake njiwa ambaye hajaliwa hata nusu, na kinda nyuma yake analia njaa. Kozi haachi nyama. Mimi, Mwanasha, niliyemwangalia yule ndege kuliko nilivyowahi kumwangalia mume wangu, nilijua kuna jambo.

Simu ikalia. Ulikuwa wewe.

"Bibi, hawajambo huko?"

"Hawajambo, mwanangu. Salama."

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa navuta pumzi niseme lile linalofuata, ila mama yao naona si mzima, kama tulivyolelewa, njema kwanza kisha habari. Nawe ukafurahi, ukasema alhamdulillahi, daktari yuaniita, ukakata. Nilipopiga tena ulikuwa umeizima.

Namba ya Kadzo nilikuwa nayo. Hili ndilo ninalolizungusha kichwani kama nafaka kwenye ungo. Sikumpigia. Nilikuwa nimeshasema salama, na neno likishatoka mdomoni mwangu huwa bwana wangu, nami nikaanza kuliamini. Nikajiambia amechoka, ana mtoto, joto limezidi. Nikatoa mhogo wangu nikala. Adhuhuri ikapita nimekaa chini ya salama yangu, na juu yule mama anakufa mbele ya mwanawe.

Alasiri akadondoka. Wekesa alikwenda kumwokota upande wa pili wa jengo, akamleta ndani ya koti lake. Mwepesi, Saumu. Nilidhani ni mzito, kwa kishindo alichokuwa nacho angani. Kadzo akaja mbio, akanusa yule njiwa aliyetolewa juu, akasema ni dawa, mtu amempaka. Nikamuuliza, ningekuita asubuhi, angepona? Hakunitazama. Akasema labda, na labda sivyo. Yeye ni binti mwema, angeweza kunidanganya akasema hapana. Labda yake nalala nayo mpaka leo.

Ulipofika hukuniuliza kitu. Ulikuja ukakaa karibu nami juu ya kreti, bega kwa bega. Adabu yako tena. Ningependa ungenitukana.

Nikirudi nyumbani nilipita kwa Mzee Athumani. Amekaa barazani, njiwa begani. "Salama, Bi Mwanasha?" Nikasema salama, wewe je? Akasema salama, alhamdulillahi. Tukatazamana. Ushahidi sina, na wewe usimseme. Jina la ile dawa mimi ndiye niliyeenda kulitafuta kwake siku za nyuma, nikalitoa mdomoni mwake, na huenda kabla ya hapo hakuwa amelifikiria. Wazee wawili tunasalimiana vizuri, na kati yetu ndege amekufa. Ukiwa mtu mzima utayajua mazungumzo ya namna hiyo. Mtaa mzima wakaa juu yake, kama nyumba juu ya shimo la choo.

Ya baada ya hapo wayajua. Baba kozi ni mdogo wa mwili kuliko alivyokuwa mkewe, naye alianza kuleta chakula, anakitupa anaondoka. Kwa mchezo wake Wekesa akasema huyo ni mwanaume wa kawaida. Kadzo akatupa moyo, kwamba kinda amekua, atajinyofolea mwenyewe, zilibaki mbawa kukomaa tu. Ndipo tingatinga likaingia getini. Mwenye gofu ameuza, na kesho kutwa wanaanza kubomoa. Kadzo amekwenda ofisi moja hadi nyingine kuomba wangoje mpaka kinda aruke. Walimpa kiti. Walimsikiliza vizuri sana. Wakamwambia suala lake litaangaliwa. Watu wa ofisi nao wana salama yao.

Kesho Kadzo atapanda na boksi amteremshe kinda. Nilimuuliza kinda akilelewa chini na mkono wa mtu hujua kuwinda? Akasema mara chache. Nikamuuliza, huyu? Akafunga kamba za viatu vyake kwa muda mrefu.

Uliniomba nimwombe wakala akucheleweshe mpaka kinda ajulikane mwisho wake. Nilimwomba. Akacheka, akaniuliza kama wewe ndiye utakayemfunza kuruka. Nilirudi nikakwambia amekataa, sikukwambia alivyocheka. Sasa umejua.

Wekesa ana neno moja linalonikereketa. Siku ile nilipomwambia unakwenda, alisema huko Uarabuni kozi huheshimiwa. Huvishwa kofia ya ngozi, hupandishwa ndege na tajiri wake, na ana pasipoti yake mwenyewe. "Pasipoti ya kozi hakuna wa kuichukua, mama. Ya Saumu itachukuliwa siku ya kwanza." Nikamwambia anyamaze. Baadaye nikamletea chai, kwa sababu katika wote waliokuja kukupongeza ni yeye peke yake aliyenipa habari.

Sikukuzuia kwenda. Umenitazama siku hizi ukingoja nikuzuie, nimekuona. Ningekuzuia ukae na nini? Umetafuta kazi mpaka viatu vimepasuka, na gofu ulilokuwa ukilikalia chini yake lenyewe laondoka. Sina cha kukuwekea hapa. Hilo ni baya kulisema kwa mtoto, lakini ukilisikia kwangu ni afadhali kuliko ukaligundua peke yako huko, usiku, ukadhani hatukujua.

Ninachokuomba ni hiki. Nikikuuliza hujambo, usinijibu salama. Kama hujala, sema hujala. Kama amekupiga, anza na kipigo, salamu zije baadaye. Usinihurumie eti nina presha, usingoje niulize mara mbili, usiseme kwa mafumbo. Hata kama wasikia nina wageni, hata kama ni Idi na sauti yangu ina furaha, ivunje.

Na ujue kwamba nikishajua sitaweza kukutoa. Sina mtu ofisini wala sina kitu cha kuuza, hata njiwa wamekwisha. Pengine utanimwagia yote, nami nitabaki nimekaa hapa Likoni nikijua tu. Sikudanganyi kwamba kujua kunaokoa. Nimekaa chini ya gofu misimu yote hii na sikumwokoa mtu. Lakini yule mama kozi alikufa na mlinzi wake yuko pale chini anatafuna mhogo, amejiambia salama. Sitakubali kutafuna mhogo hivyo tena. Ukiumia, na mimi niumie siku ileile, si baada ya miezi kwa kuambiwa na watu.

Nimeweka kalamu kidogo, umeingia.

Ulisimama mlangoni na viatu bado mguuni, ukaniuliza, "Bibi, kozi hawajambo?" Neno likapanda mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikakwambia Wekesa amenipa habari, baba mtu hajaonekana tangu jana, na kinda amelia mpaka adhuhuri, kisha amenyamaza, na sijui kunyamaza kwake ni kwa namna gani. Ukaketi palepale kwenye mkeka ukalia. Nami nikashuka kitini na hili goti, nikakuweka kichwa kifuani. Sikukusukuma. Nilitaka ulione hilo kabla hujaondoka.

Ulipotulia nikakuuliza, "Na wewe, mwanangu? Waogopa kesho?"

Ukafuta uso kwa ncha ya mtandio. Ukatabasamu vile nilivyokufunza.

"Salama tu, bibi," ukasema, ukaenda kukunja nguo.

Basi nimeirudia kalamu. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako, uikute huko. Alfajiri utavuka feri, nami nikishakuona umepotea kwenye watu nitarudi gofuni na kreti langu, niketi mpaka waniondoe, kinda awepo asiwepo.

Kisha nitakupigia. Nitakuuliza hujambo. Ukinijibu salama sitasema alhamdulillahi, wala sitakata. Nitaishika simu sikioni, nimenyamaza, mpaka salio liishe, nikingoja lile linalofuata. Kungoja nakujua sasa. Nimefunzwa kutazama juu hata mahali ambapo pengine hapana kitu tena.

Ni mimi bibi yako, na bado si mzima,

Mwanasha